Samaki wa Bwawa la Mwisho

Watu wa huku kwetu wakitaka kunichokoza huniuliza kama samaki wangu hawajambo. Huwa najibu kwamba hawajambo, ingawa kila mtu anajua walikufa wote, na wengi walikuja kuwatazama wakielea. Nimezoea. Mtu aliyefanya niliyoyafanya akipewa jina la utani na kuachwa aende zake, ashukuru.

Nilifanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka ya mji wetu mpaka nilipostaafu juzijuzi. Mji wenyewe uko juu, chai imeuzunguka kila upande, na mabwawa yako chini bondeni ambako mabomba yote huishia. Maji ya vyooni na ya jikoni huingia kwanza kupitia wavu wa chuma, ambao huzuia matambara, chupa na vitu vingine ambavyo watu huamini kwamba ukishavivutia maji vimetoka duniani. Kisha huingia bwawa la kwanza, jeusi, linalotokota kama uji. Uchafu mzito huzama humo. Bwawa la pili ni la kijani, la tatu ni la kijani kilichopoa, na kwenye la nne jua na upepo humalizia kazi. Kutoka hapo maji hupita mferejini hadi kwenye kijito, na kijito hushuka hadi mtoni. Hakuna mashine yoyote. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunasafisha wavu, tunaondoa utando juu ya maji kwa reki ndefu, tunafyeka nyasi za ukingoni na kufukuza watu waliotaka kulisha mifugo mle ndani.

Mimi asili yangu ni upande wa ziwa. Baba yangu alikuja huku kuchuma chai, nami nikazaliwa kwenye nyumba za kampi ya wachumaji. Nimeishi maisha yangu yote kwenye baridi hii, nimezika wazazi, nimelea watoto, lakini sikuacha kutamani samaki. Wale wa sokoni hufika huku wakiwa wamechoka kuliko abiria waliowaleta. Na zaidi ya hamu ya samaki, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya baiolojia. Alama hiyo ndiyo iliyoniharibu. Mtu asiyejua kitu huuliza, na mtu anayejua sana hupima. Sisi wa katikati huwa tunaanza tu.

Bwawa la nne lilikuwa na bata wa porini, vyura, na ndege wenye miguu mirefu waliosimama ukingoni kama wakaguzi. Kila nilipopumzika na kutazama maji yale yote, nilijiambia kwamba watu wetu wa ziwani wangelia wakiyaona yakikaa bure. Basi nikachukua likizo, nikateremka mpaka chini ya Fort Ternan, kule kwenye joto na miwa, ambako mzee mmoja alikuwa anafuga ngege, samaki wa kwetu ziwani. Akanipa vifaranga ndani ya mtungi. Nilirudi nimeukumbatia mtungi ule kama mtu anayetoka kliniki na mtoto. Nikawamwaga bwawani asubuhi, kisha ndipo nikaenda kumwambia mkubwa wetu, injinia, mama kijana mwenye haraka.

"Samaki ni kipimo, Injinia," nikamwambia. "Maji yakiharibika, wao ndio watakaotuambia."

"Na nani alikupa ruhusa, mzee?"

"Ni sayansi tu."

Akacheka, akaondoka, na mimi nikahesabu hiyo kuwa ruhusa. Lakini nilichosema kilikuwa kweli. Samaki walituambia. Aliyekataa kusikia ni mimi.

Baridi iliwafanya wakue polepole, lakini walikua. Wa kwanza nilipomvua nilimpelekea mke wangu, nimemfunga kwenye gazeti. Alimtazama bila kumgusa.

"Baba watoto, huyu alikuwa anakula nini?"

"Ule ukijani wa kwenye maji."

"Na huo ukijani unakula nini?"

Nikaanza kumfunga samaki upya kwenye gazeti.

"Sufuria zangu usizikaribie," akasema, akarudi kuchambua maharagwe.

Nikanunua sufuria yangu mwenyewe. Mpaka leo inaning'inia nje, nyuma ya nyumba, kwa sababu hairuhusiwi kuingia.

Chini ya mabwawa, mbele kidogo ya mahali mfereji wetu unapoingia kwenye kijito, alikaa mama mmoja mjane, Mkipsigis, mwenye chai kidogo, sukuma wiki na ng'ombe wachache wa maziwa. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nateremka kumsalimu. Aliniita boiyot, yaani mzee, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijui aliona nini. Kwake ndiko nilikofundishwa kunywa mursik, yale maziwa yanayogandia kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti. Miaka ya kwanza nilikuwa nameza nimefumba macho. Baadaye, siku nikikosa, nilikuwa mkali kazini.

Nilidhani adabu inanitaka nami nipeleke kitu. Nikampelekea ngege.

"Boiyot, hiyo nyoka rudisha."

"Si nyoka, mama. Ni samaki."

"Iko na miguu?"

"Haina."

"Basi. Na umetoa wapi?"

"Kwa bwawa letu la mwisho."

Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Kwa hivyo watu wa mji wanaenda choo, samaki inakula, wewe unakula samaki, halafu unaenda choo. Hiyo kazi yenu itaisha lini?"

Nilipanda mlima nikiwa na samaki wangu mkononi, nimekasirika, nikitafuta jibu la kisayansi njia nzima.

Shida ilianza polepole, kama shida nyingi za majitaka. Bwawa la kwanza lilijaa tope. Bwawa la namna hiyo linatakiwa likaushwe na kuchotwa kila baada ya miaka kadhaa, na letu lilikuwa limesahaulika. Wakati huohuo mji ulikuwa unaota nyumba za kupangisha ambazo hazikuunganishwa na bomba lolote, na malori ya kunyonya vyoo yalikuwa yanakuja kumwaga kwetu kila asubuhi, yakipanga foleni. Uchafu haukupata tena mahali pa kuzama. Ulipita la kwanza, ukapita la pili, ukaanza kubisha hodi la tatu.

Asubuhi moja ya mvua za masika nilikuta samaki wangu wote juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Mtoto yeyote wa ziwani anajua maana yake: hewa imeisha majini. Ninachotaka kusema ni kwamba nilielewa kabisa. Nilienda kwa injinia nikamwambia bwawa la kwanza lichotwe. Akasema ameshaomba mara nyingi na tusubiri bajeti. Nadhani alisema kweli. Lakini samaki hawakuweza kusubiri bajeti.

Kando ya mabwawa yote manne kuna mfereji wa pembeni. Ulijengwa kwa ajili ya siku za matengenezo, na mlangoni pake kuna bamba la chuma linaloinuliwa kwa kuzungusha gurudumu. Ukilifungua, maji yanayotoka mjini hayaingii bwawa hata moja. Yanakwenda moja kwa moja kwenye kijito, na kila kitu chake. Nililifungua kidogo. Malori yalipokwisha kumwaga na jua lilipopata nguvu, nikalifunga. Mchana samaki walikuwa wanacheza. Nilijisikia kama daktari.

Kutoka hapo ikawa desturi. Kila asubuhi nilikuwa na sababu nzuri. Leo malori ni mengi. Leo mvua ni kubwa, itayachanganya maji yasijulikane. Kesho nitaacha. Nilijiambia kwamba mto ni mkubwa, nao ni mkubwa kweli, ila mama yule hakukaa kando ya mto. Alikaa kando ya kijito, ambacho mtu mwenye miguu mirefu anakivuka bila kuvua viatu.

Wakati huo nilikuwa maarufu. Shule zilileta watoto. Maofisa walikuja kupiga picha na samaki, na mmoja aliwarushia ugali, akasema hajawahi kuona majitaka yenye heshima namna hii. Wapimaji wa maji walichota kwenye bwawa la nne, wakakuta maji mazuri, na kwa nini yasiwe mazuri? Uchafu wa mji ulikuwa unapitia mlango wa nyuma. Hakuna aliyefikiria kuteremka kuchota kwenye kijito, na mimi sikumkumbusha mtu. Nilipewa buti mpya za mpira, gambuti, za kusimamia wageni. Nilikuwa naanza maelezo yangu kwa kusema, "Kibaiolojia." Nikikumbuka neno hilo sasa natamani kujificha nyuma ya nyumba pamoja na sufuria.

Kule chini mawe ya kijito yaliota manyoya ya kijivu yanayoteleza. Povu likakaa kwenye kona. Kaa, ambao wajukuu wa yule mama walikuwa wanawatafuta chini ya mawe, wakatoweka. Ng'ombe wakawa wanafika majini, wananusa, wanarudi nyuma. Mama akaanza kupanda hadi kwenye chemchemi ya mlimani na punda wake kuwatafutia maji. Lakini ng'ombe wake bora, aliyekuwa na mimba, alikuwa mlafi. Akanywa ya kijitoni, akaanza kuharisha, na maziwa yake yakarudishwa kutoka mahali pa kukusanyia.

Nilifika kwake siku hiyo kama kawaida, nikitarajia mursik. Alinipeleka majini.

"Boiyot, wewe ndiyo unajua maji. Hii maji iko na nini?"

Niliinama. Nikachota kwa kiganja, nikayatazama kwenye mwanga, nikayanusa kama wale waonja chai wa kiwandani. Yalikuwa yananuka kazi yangu. Nikasema, "Labda ni wale vijana wanaoosha pikipiki kule juu, mama. Mafuta na sabuni."

Aliniamini mara moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, jinsi alivyoniamini haraka. "Hao vijana," akasema. "Nitawapeleka kwa chifu." Kisha akanikaribisha ndani, akatikisa kibuyu, akanimiminia kikombe kikubwa. Nikakinywa chote. Kilikuwa kitamu kama siku zote, na sikuona aibu kumwomba aniongezee.

Ningefunga mlango ule kesho yake. Naapa nilikuwa nimeazimia. Lakini injinia akaja na habari kwamba wageni wakubwa wanakuja kuona samaki, na kwamba wakifurahi huenda bajeti ya kuchota bwawa la kwanza ikapatikana. Kwa hiyo nikawa na sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo: nilikuwa naharibu kijito ili kijito kipone.

Asubuhi ya wageni mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, malori yalikuja mapema, na samaki walikuwa juu midomo wazi kama kwaya. Nikazungusha gurudumu mpaka mwisho. Mfereji wa pembeni ukanguruma. Wageni walipofika na miavuli yao, samaki walikuwa wamepata nafuu kidogo, na mimi nilikuwa nimefika kwenye "kibaiolojia" ya pili, ndipo nilipomwona yule mama anapanda kutoka bondeni, amejifunga leso kichwani, ndoo ya kukamulia mkononi.

Baadaye nilielewa alivyofika. Alikuwa amewapitia vijana wa pikipiki akawatukana, kisha akafuata kijito kwenda juu kutafuta wanapooshea. Alipofika mahali mfereji wetu unapoingilia, aliona maji yanayotoka juu ni meupe, na chini ya jiwe la kwanza aliloinua kulikuwa na kaa. Maji ya kutoka kwetu yalikuwa ya kijivu. Hakuhitaji kidato cha nne. Aliachana na kijito, akafuata mfereji.

Hakuwasalimu wageni. Alisimama mbele yangu.

"Boiyot, pikipiki iko wapi?"

Nikatazama chini.

"Nimefuata maji mpaka hapa. Sijaona hata moja."

Mgeni mmoja mwenye tai akasogea. "Mama, kuna shida gani?"

"Na wewe sina shida. Nauliza huyu mzee wangu." Akaiweka ndoo karibu na gambuti zangu mpya. Ilikuwa imejaa maji ya kijitoni, na harufu yake ilimrudisha yule mwenye tai hatua kadhaa. "Samaki yako inakunywa maji safi. Ng'ombe yangu inakunywa hii. Leo asubuhi imetupa ndama kabla ya siku."

Injinia aliangalia ndoo, kisha akageuka kusikiliza mfereji wa pembeni, kana kwamba ndiyo kwanza anausikia. Akaenda mpaka kwenye gurudumu.

"Mzee, nani amefungua hii?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Asubuhi," nikasema. Yule mama alinitazama tu. Hakunikazia macho wala nini, alinitazama kama mtu anayengoja chai ichemke. Nikaongeza, "Na asubuhi nyingine nyingi."

Nililifunga mwenyewe. Kufungua kulikuwa kwepesi, lakini bamba lilikuwa na kutu na kushuka kwake kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo tena. Nilizungusha nikihema, midomo wazi, wageni wote wakinitazama chini ya miavuli. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa sawa. Ngurumo ilipungua, ikawa mchuruziko, ikakatika. Mama akamwaga ile ndoo ndani ya bwawa la samaki wangu, taratibu, bila kurusha tone, akaondoka nayo.

Samaki walikufa wiki hiyo. Niliwakusanya kwa ile reki ya utando, matumbo juu, na kuwazika kwenye shimo la takataka za wavu. Harufu ilipanda mpaka mjini, nao watu wa mji, ambao hawakuwa wamewahi kunusa kazi ya mikono yao, walipiga simu ofisini mpaka bwawa la kwanza likakaushwa na tope likachotwa. Niliwahi kujaribu kumweleza mke wangu kwamba, ukitazama vizuri, samaki wale waliuokoa mto.

"Samaki walikufa kwa sababu uliwaweka chooni," akasema.

Sikufukuzwa. Nilihamishwa kwenye wavu, kuchambua matambara, mpaka siku yangu ya kustaafu. Gambuti mpya zilipewa mtu mwingine.

Kuomba msamaha nilikwenda na mke wangu, kwa sababu yeye anakijua Kikipsigis vizuri kuliko mimi na pia kwa sababu niliogopa. Daktari wa mifugo alikuwa amekuja kutoka Kaplong kumtibu, na ng'ombe alikuwa anasimama tena, ingawa maziwa yalikauka. Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Kwanza enda kwa wale vijana. Mimi niliwatukana juu yako."

Nikaenda. Walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao wakingoja wateja. Nikawaeleza yote nimesimama.

"Buda!" mmoja akasema. "Kumbe ni wewe? Huyo mathe alituita hadi wauaji."

"Nisameheni, vijana wangu."

"Tumekusamehe," akasema mwingine, akanirushia tambara. "Lakini hii iko na matope."

Nikaiosha pikipiki yake. Walinisimamia, wakinionyesha mahali nilipoacha, na mmoja akasema polepole, "Kibaiolojia, mzee, hapo kwa rimu." Sijui nani aliwaambia.

Sasa nina muda mwingi, na Jumamosi huwa nateremka kwa mama yule. Kabla sijafika mlangoni kwake hupitia majini kwanza. Manyoya ya kijivu yametoka kwenye mawe mengi, si yote. Kaa wamerudi, wadogo. Nikiinua jiwe narudisha polepole.

Huku kwetu mgeni hupewa chai ya maziwa. Chai ya rangi, strungi, ni ya nyumba ambayo ng'ombe hawakamuliwi, au ya mgeni ambaye watu wanataka ajue kitu. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye benchi lake. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia ukutani, na harufu ya mkaa wake ilinifikia mahali nilipoketi. Nje binti yake alikuwa anakamua, nikisikia maziwa yakipiga ndoo.

"Mama, ng'ombe wanakunywa kijitoni siku hizi?"

"Wanakunywa."

"Na wanakubali?"

"Wanakubali."

"Na maziwa?"

"Iko mingi."

Akainua birika, akanimiminia. Strungi.

"Sukari iko hapo, boiyot," akasema.

Nikaweka sukari, nikanywa yote. Akaniongezea, ya rangi vilevile.